Maafa ya Msitu wa Shakahola

Maafa ya Shakahola ni vifo vya watu zaidi ya 400, wakubwa kwa watoto, ambao miili yao ilianza kufukuliwa Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, magharibi mwa mji wa Malindi, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Wengi walikuwa wafuasi wa kanisa la Good News International na jamaa zao, waliofundishwa kwamba wakijinyima chakula na maji hadi kufa watakutana na Yesu kabla ya dunia kufika ukingoni.

Kanisa hilo lilianzishwa 2003 na Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi. Mahubiri yake yalivuka mipaka ya Malindi kwa runinga na mitandao, na miaka ilivyosonga yakazidi kujaa makatazo. Shule ni dhambi. Hospitali ni dhambi. Usajili wa Huduma Namba, yaani namba ya utambulisho wa taifa, serikali ilipouanzisha 2019, ukaitwa alama ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Makatazo haya yasichukuliwe kama vituko vya mhubiri mmoja, kwa kuwa kila moja lilimwondolea mtoto jicho lililokuwa likimtazama. Asiyekwenda shule hana mwalimu wa kuuliza mbona leo hayupo. Asiyepelekwa zahanati hana muuguzi wa kumpima uzito. Asiyesajiliwa hata jina lake halimo popote. Alipofikishwa msituni, mtoto huyo alikuwa amekwisha kupotea machoni pa jamii.

Mwaka 2019 kanisa la mjini lilifungwa, na mhubiri akahamia Shakahola, kwenye eneo la takriban ekari 800 ndani ya ranchi ya Chakama. Wafuasi walimfuata kutoka kaunti nyingi za Kenya, baadhi wakiwa wameuza mali zao na kuacha kazi. Makazi yao yalipewa majina ya Biblia, kama Galilaya, Yudea na Bethlehemu. Kwa maelezo yaliyotolewa na wachunguzi, kufa kulipangwa kwa zamu: watoto kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume, na kiongozi awe wa mwisho.

Neno «kufunga», lililotumika sana katika habari za Shakahola, linaficha jambo. Mfungo unaojulikana pwani, uwe wa Ramadhani au wa Kwaresima, una mwisho wake. Jua likitua, Mwislamu hufuturu, na mtoto mchanga hafungi kabisa. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuweka nia ya mfungo. Huyo amenyimwa chakula. Upasuaji wa maiti ulilithibitisha hilo kwa namna ya kutisha zaidi: wengi walikufa kwa njaa, lakini baadhi, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa kwa kitu kizito.

Dalili hazikukosekana. Mackenzie alikuwa amewahi kukamatwa na kushtakiwa 2017 kuhusiana na mafundisho yake na watoto waliotolewa shule. Machi 2023 alikamatwa tena baada ya habari za watoto wawili waliokufa njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata polisi waliingia msituni, wakakuta watu waliodhoofika kupita kiasi. Wanne kati yao wakafariki. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilizilaumu idara za usalama za Malindi kwa kupuuza taarifa zilizofikishwa kwao. Walionusurika nao hawakupata nafuu ya haraka: watu 65 waliokataa kula hata baada ya kuokolewa walifikishwa kortini kwa shtaka la kujaribu kujiua, ingawa walichohitaji kwanza ni tabibu.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshaona mfano wake. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Mwanzoni ilisemwa wamejiua. Baadaye, makaburi ya siri yalipofukuliwa katika nyumba zilizohusishwa na kundi hilo, polisi wakayaita mauaji.

Januari na Februari 2024 Mackenzie na wenzake walifunguliwa mashtaka, yakiwamo ya mauaji ya watoto 191, ya kuua bila kukusudia na ya ugaidi. Walikana yote. Wakati kesi zikiendelea, familia zilitoa sampuli za vinasaba na kusubiri. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa maziko Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu ifukuliwe. Mingine ilibaki katika vyumba vya baridi ikiwa na namba tu, kwa kuwa hakuna jamaa aliyepatikana wa kulinganishwa nayo. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo hilohilo la Chakama.