Sudoku: namna ya kujaza tuchumba bila kubahatisha

Sudoku ni mchezo wa akili wa kalamu na karatasi. Haiombe hesabu: hakuna kujumlisha wala kutoa. Unaomba tu kuangalia nafasi na kufikiri. Muraba mkubwa uko na tuchumba 81, mistari 9 ya kulala na mistari 9 ya kusimama, tena umegawanywa mu viwanja 9. Kila mstari na kila kiwanja lazima kipate nambari 1 mpaka 9, bila kurudilia hata moja.

Ulitoka wapi

Jina ni la Kijapani, lakini muraba wa leo ulitengenezwa na Mmarekani Howard Garns, fundi wa kuchora nyumba, na ulitoka mu gazeti la michezo mwaka 1979. Kampuni Nikoli ya Japani iliuchukua mwaka 1984, na jina sudoku likazaliwa kule. Kisha Wayne Gould, jaji wa zamani wa Hong Kong, aliupeleka London: gazeti The Times lilianza kuutoa tarehe 12 Novemba 2004. Kutoka pale ulienea dunia nzima.

Mutu wa Lubumbashi anaijua tayari

Mji wa kati, ndani ya commune ya Lubumbashi, ulipimwa mwaka 1910 kwa avenue za kunyooka zinazokatana. Mtu akikuambia avenue moja tu, unaweza kutembea sana. Akikuambia avenue mbili zinazokutana, kona ni moja tu, unafika. Sudoku ni vile vile: mstari wa kulala na mstari wa kusimama vinakutana mu kachumba kamoja, na kila kimoja kinakupa habari yake. Nao wazee wanaocheza kisolo, ule mchezo wa mashimo, wanajua kwamba mbele ya kutia mkono unahesabu kwanza kwa macho.

Tujaribu pamoja

Chukua kaye na uchore huu mdogo, wa tuchumba 16. Nambari ni 1 mpaka 4, viwanja ni 4, kila kimoja na tuchumba 4. Nukta ni kachumba kasiko na kitu.

1 . | . 4
. . | 1 .
———————
. 1 | . 3
4 . | . .

Hatua ya kwanza: tafuta 1. Mistari mitatu ya juu iko nayo tayari, inabakia wa ine. Kwa kusimama, wa kwanza, wa pili na wa tatu iko nayo pia. Kwa hiyo 1 ya mwisho inaingia kona ya chini kuume. Hakuna pengine.

Hatua ya pili: tafuta 4. Mu mstari wa pili haiwezi kukaa mwanzo, juu chini kabisa ya mstari ule wa kusimama kuko 4. Haiwezi kukaa mwisho, juu pale pia 4 iko. Ya tatu imejaa. Basi ni kachumba ka pili. Na mstari wa tatu, kwa sababu ile ile, 4 inakaa kachumba ka tatu.

Hatua ya tatu: zimebaki 2 na 3 peke yake. Mstari wa tatu uko na 3 mwisho, basi mwanzo ni 2. Mstari wa kwanza wa kusimama unakuwa 1, 3, 2, 4. Ingine inafuatana yenyewe. Jibu:

1 2 | 3 4
3 4 | 1 2
———————
2 1 | 4 3
4 3 | 2 1

Sasa futa ile 3 tuliyopewa mwanzo, uanze tena. Utaona kama 2 na 3 zinaweza kubadilishana nafasi, majibu yanakuwa mawili. Muraba wa namna ile si mzuri: sudoku ya kweli iko na jibu moja. Kwa muraba mkubwa, Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta, mwaka 2012, kwamba hauwezi kuwa na jibu moja kama nambari za kuanzia ni chini ya 17.

Sheria tatu za kushika

- Anza na nambari inayoonekana mara nyingi, ao mstari uliojaa zaidi.
- Kachumba kakiwa na nambari mbili zinazowezekana, ziandike ndogo ku kona, usichague.
- Usiandike kitu kama hauwezi kusema «juu ya nini».

Inafaa nini

Mu Examen d'État mwanafunzi anakuta maswali ya kuchagua jibu moja kati ya mengi. Anayebahatisha anatupa kura. Anayejua kufuta majibu yasiyowezekana, moja moja, anabakia na machache ya kupima. Sudoku haitafundisha chimie wala jiografia. Lakini inazoeza mtoto kuuliza «juu ya nini?» mbele ya kuandika. Swali lile linafaa hata siku uvumi unapita mu quartier: ni nini tunajua kweli, na ni nini tunajazia tu?

Na usiku courant ikikatika, hakuna haja ya telefone wala mega. Mshumaa, kaye na kalamu vinatosha.