Kuvuta au Kupuliza? Sigara ya Kielektroniki, Ndege na Lugha ya Sheria

Tarehe 10 Julai 2018, ndege ya Air China aina ya Boeing 737-800, safari namba CA106, ilikuwa angani kutoka Hong Kong kwenda Dalian ikiwa na abiria 153 na wafanyakazi 9. Rubani msaidizi akatoa sigara yake ya kielektroniki, akavuta. Hakutaka mvuke uwafikie abiria, basi akanyoosha mkono kuzima feni inayozungusha hewa. Akakosea. Alizima swichi za jirani, za mitambo inayoingiza hewa ndani ya ndege. King'ora kikalia, vinyago vya oksijeni vikaning'inia mbele ya nyuso za abiria, na ndege ikashushwa haraka hadi kimo cha mita 3,000 hivi. Kosa lilipogunduliwa, mitambo ikawashwa, ndege ikapanda tena na kumaliza safari.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa uzembe, na uzembe ulikuwepo. Kinachonivutia mimi ni ule mkono. Mtetezi wa sigara hizi angetwambia kwamba mvuke ni jambo la anayeuvuta, lakini rubani yule alijua kwamba anachokitoa kinywani hakitabaki kwake. Aliliamini hilo kiasi cha kwenda kugusa swichi.

Mwaka mmoja kabla yake, mahakama ya Marekani ilikuwa imelibishania jambo hilohilo kwa maneno. Nchi hiyo ilikuwa imekataza sigara ndani ya ndege hatua kwa hatua: mwaka 1988 kwa safari zisizozidi saa mbili, mwaka 1990 kwa zisizozidi saa sita, na mwaka 2000 kwa safari zote za abiria. Mwaka 2016 Wizara ya Uchukuzi ikatoa kanuni kwamba katazo hilo linahusu pia sigara za kielektroniki. Kanuni ikapelekwa mahakamani. Mwezi Julai 2017 Mahakama ya Rufani ya Marekani, Mzunguko wa Wilaya ya Columbia, iliiacha isimame kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Aliyetofautiana na wenzake ni Brett Kavanaugh, ambaye baadaye aliingia Mahakama ya Juu. Hoja yake kwa ufupi: sheria inakataza kuvuta sigara, na sigara huvutwa kwa kuwaka, kifaa hiki hakiunguzi kitu, kinapasha kimiminika mpaka kiwe mvuke, kwa hiyo Bunge likitaka kukikataza liseme lenyewe. Bunge likasema, kwa sheria ya mwaka 2018.

Ubishi huo ulikuwa na mantiki kwa Kiingereza, kwa sababu kitenzi chake cha kuvuta sigara kimezaliwa na jina la moshi. Pasipo na moshi, kitenzi kinayumba. Kiswahili kilishika njia nyingine. Sisi tunavuta sigara, tunavuta bangi, tunavuta shisha, kama tunavyovuta kamba na kuvuta pumzi. Neno letu linatazama kazi ya kinywa na mapafu, wala haliulizi kama kuna kitu kinachoungua. Ndiyo maana shisha ilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 2016, kisha Kenya na Rwanda mwishoni mwa 2017, sikusikia mzungumzaji wa Kiswahili akihoji kama ile ni kuvuta kweli. Vijana wanaosema "vepu" nao huivuta vilevile.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa la isimu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahamishiwa humo. Sheria ya nchi hiyo ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule ambao mfamasia Hon Lik wa China alibuni sigara ya kielektroniki ya kisasa. Ya Kenya ni ya 2007. Sheria hizo zilitungwa wakati kifaa hiki hakijafika madukani kwetu. Mfasiri akiandika "kuvuta" pekee, huenda akakinasa kifaa hicho bila kukusudia. Akiandika "kuvuta moshi wa tumbaku", atakuwa amemfungulia mlango Kavanaugh wa kwetu.

Hata hivyo, sidhani kwamba kitenzi chetu kinatosha. Mfikirie mgonjwa wa pumu aliyekaa kiti cha kati. Kifua kinambana, anatoa pampu yake, anaibonyeza na kuvuta dawa. Amevuta, tena kwa kifaa, ndani ya ndege, na hakuna mwenye akili timamu atakayemkemea. Tofauti yake na jirani mwenye vepu haiko katika kuvuta. Dawa imekusudiwa kubaki kifuani mwake. Wingu la jirani linarudi nje, likiwa na nikotini, matone ya propilini glikoli na harufu ya embe, nalo linatafuta pua nyingine. Ni kweli kwamba vichujio vya ndege vya kisasa hunasa chembechembe karibu zote. Lakini mvuke humfikia wa kiti cha pili kabla ya kufika kwenye kichujio, na gesi na harufu hazinaswi kama matone yanavyonaswa. Kuvuta kunamhusu mvutaji, daktari wake na mkewe. Sheria ya mahali pa pamoja ishughulike na kupuliza.

Hapa ndipo hutajwa ile asilimia 95. Mwaka 2015 shirika la afya ya umma la Uingereza lilikadiria kwamba sigara hizi zina madhara pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko za kawaida. Makadirio hayo yamebishaniwa sana, lakini tuyakubali kwa ajili ya hoja. Yanamlinganisha mvutaji na mvutaji. Abiria wa pembeni hakuwa akichagua kati ya sigara mbili. Yeye alikuwa akipumua, na anayetaka kuongeza kitu katika hewa yake ndiye anayedaiwa ushahidi.

Kuna pia mtu ambaye mijadala hii humsahau. Abiria hushuka, mhudumu hubaki. Mwaka 1991 wahudumu wa ndege wa Marekani, wakiongozwa na Norma Broin, ambaye hakuwa mvutaji na aliugua saratani ya mapafu, walizishtaki kampuni za tumbaku kwa moshi waliouvuta kazini. Mwaka 1997 kampuni zilikubali kutoa dola milioni 300 kwa ajili ya utafiti. Konda wa daladala naye yumo ndani ya gari tangu alfajiri, madirisha yamefungwa kwa mvua, na kila abiria anayepuliza "mara moja tu" anampa fungu lake.

Suala la betri ni fupi. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikataza kuweka vifaa hivi katika mizigo ya tumboni mwa ndege, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka huko hakuna wa kuiona mapema. Basi abiria analazimika kukaa na kishawishi mfukoni. Na kishawishi hakishindwi na alama peke yake: mlango wa choo una kisahani cha majivu hadi leo chini ya alama ya kukataza, kwa kuwa watunga kanuni wanajua wakaidi wapo na wanaukumbuka moto ulioanzia chooni katika ndege ya Varig karibu na Paris mwaka 1973, ukaua watu 123. Mvuke hauhitaji kisahani.

Je, hoja hii inafika wapi? Ndani ya ndege, basi, lifti na chumba cha kusubiri daktari, inafika vizuri. Pale bustani ya Forodhani, Zanzibar, jioni, upepo wa bahari ukivuma na moshi wa mishkaki umetanda kila meza, inachoka. Uganda kwa sheria yake ya 2015 iliamua kukataza hata kuingiza na kuuza sigara hizi. Uamuzi huo unahitaji hoja nyingine, ya kuwalinda vijana, na hewa ya pamoja isibebeshwe mzigo usio wake.

Kama ningeombwa kuandika kifungu, ningeandika hivi: "Ni marufuku kwa mtu yeyote, akiwa ndani ya chombo cha usafiri wa umma au mahali pa umma palipofungwa, kupuliza moshi au mvuke alioutoa katika sigara, kiko, shisha au kifaa chochote cha kuvutia nikotini au kiburudisho." Mgonjwa wa pumu anapita. Rubani wa CA106 ananaswa. Udi wa ukumbi wa harusi hauguswi, maana hutoka chetezoni na si kinywani mwa mtu, na katazo la udi sitaki kuwa wa kwanza kulizua mbele ya mashangazi.