Rosa Mistika na Kabati la Kufuli

Nilikuwa kidato cha pili nilipoiona Rosa Mistika mara ya kwanza, na hata hivyo niliona jalada tu. Lenyewe lilikuwa limevikwa gazeti kuukuu. Kitabu kilikuwa kinazunguka bwenini kwa siri: unakaa nacho usiku mmoja, kesho unampa mwenzako, na ole wako ukikunja ukurasa. Rafiki yangu wa kitanda cha chini ndiye aliyekuja nacho. Shangazi yake alikuwa ameolewa Mwanza, na kule, alituambia, watu walikisoma kitabu hicho darasani na kukifanyia mtihani. Tulimcheka. Maktaba yetu ilikuwa na kabati moja lenye kufuli, na tulivyosikia, ndimo vilimofungiwa vitabu vya aina hiyo. Sasa shule gani hiyo ya Mwanza inavigawa kama madaftari?

Zamu yangu haikufika. Wiki ya pili ya muhula kukawa na msako. Depu alikuja na viranja wakati wa prepu, masanduku yakafunguliwa, na Rosa akaondoka pamoja na simu mbili na suruali moja ya jinzi. Depu alikifungua kitabu katikati, akasoma mistari michache kimyakimya, akakifunga. "Kumbe haya ndiyo mnayosoma," akasema. Wiki iliyofuata tukapangwa foleni nje ya zahanati ya shule, kila mmoja na kikopo chake mkononi, na siku hiyo hiyo jioni rafiki yangu akaonekana akivuta sanduku lake kuelekea langoni. Hakuna aliyetuambia chochote. Paredi ya Jumatatu, mwalimu mkuu alihutubu nusu saa nzima juu ya vitabu vichafu.

Hata akili ya kidato cha pili iliweza kupiga hesabu hiyo. Msichana alirudi kutoka likizo akiwa na mimba. Kitabu kina makosa mengi lakini hilo hakiliwezi.

Miaka mingi baadaye nilikipata kwa wale wa inama katikati ya jiji, pale vitabu vinapotandazwa chini kwenye gunia na unainama kuchagua. Mia na hamsini. Nilikisoma kwa siku mbili, na nilipomaliza nilikuwa na hasira ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kusoma kitabu cha ngono. Nilichosoma ni kitabu chenye mafunzo makali karibu kama ya yule mwalimu mkuu wetu. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: hivi waliokipiga marufuku walikifikisha mwisho?

Twende polepole. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na ilichapishwa hapa hapa kwetu Nairobi, na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mwandishi, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Alipitia seminari, halafu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya hii ilikuwa yake ya kwanza, na ilipotoka hajafikisha hata miaka 28. Kabla yake, riwaya ya Kiswahili aliyoizoea msomaji wa kawaida ilikuwa ile ya Shaaban Robert, ambamo mtu mwema anaitwa Adili au Utubora na wema wake unaujua tangu jina. Kezilahabi akaleta msichana wa kijijini ambaye jina lake lenyewe ni la Bikira Maria. Rosa Mistika, waridi lenye fumbo, ni mojawapo ya sifa anazoitwa Maria katika litania ya Wakatoliki. Halafu akamwacha msichana huyo aanguke, na hakufunika.

Hadithi yenyewe haina mizunguko. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi anayempiga mkewe, lakini kwa mabinti zake ni mlinzi wa ngome. Mvulana asisogee. Barua ya mvulana mmoja inapomfikia Rosa, baba anamchapa kipigo ambacho msomaji hakisahau. Rosa anakua akiogopa wanaume wote. Anapofika shule ya sekondari, mbali na macho ya baba, hana chombo chochote cha kujilinda isipokuwa woga, na woga ukishatoka hakuna kilichobaki. Anajaribu, anazoea, anashindwa kuacha. Kuna mimba na kuna kutoa mimba. Mwisho anajiua. Na Kezilahabi haachi hapo: anatupeleka ng'ambo ya kaburi, ambako baba na binti bado wanabishana mbele ya Mungu nani mwenye kosa.

Nikikisoma leo ninagombana na kitabu hiki. Kinamwadhibu msichana kupita kiasi. Wanaume wanaompitia wanaondoka na maisha yao. Yeye anaondoka na sanda. Kama wewe ni mzazi mkali unayetaka kumtisha bintiye, hakuna kitabu cha Kiswahili kitakachokufanyia kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini ndicho kilichopigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya hayo mambo ya chumbani.

Kwa nini? Sababu iliyotolewa ni maadili, na sina shaka waliotoa amri waliamini hivyo. Lakini angalia miaka yenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa la 1967, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule iwalee raia wa taifa jipya. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikawa haramu Dar es Salaam. Wasichana walikimbizwa barabarani kwa sababu ya pindo la nguo. Jiji lilikuwa linakua, wasichana walikuwa wanapata kazi na mishahara yao wenyewe, na wanaume wengi waliona taifa zima limening'inia kwenye magoti ya wasichana hao. Miaka miwili baadaye ndipo inatokea riwaya inayosema: tatizo halikuanzia kwenye sketi wala mjini. Lilianzia nyumbani, kijijini, kwa baba aliyechapa badala ya kuzungumza. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililochoma. Ngono zilizomo ni chache, na hazina raha yoyote.

Tusijifanye Kenya ilikuwa bora. Mwaka huo huo wa 1971 Nairobi ilimpata Charles Mangua na Son of Woman, halafu akaja David Maillu na vitabu vyake vyembamba vya pombe na masekretari, vilivyouzwa kama mandazi ya moto. Maprofesa walivikunja pua. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Sisi hapa tulikuwa na subira na uchafu, lakini siasa hatukuweza kuivumilia: Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa 1977 baada ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ, na mwaka 1987 nakala za Matigari zikazolewa madukani. Kila serikali ina mahali pake panapouma.

Sasa sehemu ambayo inanikosesha usingizi. Marufuku ya Rosa Mistika ililegea, na kitabu kikaja kuingia kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa shuleni Tanzania. Shangazi wa Mwanza hakuwa amedanganya. Kilichokuwa uchafu kikawa fasihi, na wanafunzi wakaandika insha: "Jadili chanzo cha anguko la Rosa." Wakajibu, malezi mabaya, ukali wa baba, ukosefu wa elimu ya jinsia, wakapata alama zao. Na wakati huo wote msichana wa kweli aliyepata mimba katika shule hizo hizo alikuwa anafukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Juni 2017, Rais Magufuli akasema hadharani huko Chalinze kwamba chini ya utawala wake aliyejifungua hatarudi shuleni. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi.

Yaani Rosa wa kwenye karatasi aliruhusiwa darasani miaka mingi kabla ya Rosa mwenye damu.

Kwetu sera ya kuwarudisha wasichana hao shuleni iko tangu 1994. Kwenye karatasi. Rafiki yangu aliondoka zaidi ya miaka kumi baada ya sera hiyo, na hakuna mtu pale langoni aliyemwambia kwamba ana haki ya kurudi. Ndiyo maana mjadala wa vitabu kupigwa marufuku siwezi kuuchukulia kama mchezo wa wasomi. Shule ikikosa la kusema juu ya mwili wa msichana, hutafuta kitu cha kunyang'anya. Kitabu hakipigi kelele, wala hakina mzazi wa kuja kulalamika.

Na haujaisha, usidhani. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu zaidi ya kumi mashuleni na maktabani, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid, kwa kwenda kinyume na mila na desturi. Wimpy Kid! Yule kijana mwembamba wa vikatuni ambaye shida yake kubwa ni kaka yake mkubwa. Niliposikia nilicheka, halafu nikamkumbuka Depu akisoma mistari yake michache.

Lakini acha niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu na mimi nimekuwa mtu mzima. Dada yangu ana binti wa miaka kumi ambaye anasoma kila kitu, hadi maandishi ya pakiti ya unga. Nikimpa Rosa Mistika leo, dada yangu atanitoa nyumbani kwake na atakuwa na haki. Kuna ukurasa wa kutoa mimba ambao hata mimi niliuweka kando nikaenda kuchemsha chai. Mzazi anayeuliza "mtoto wangu anasomeshwa nini?" si adui wa fasihi. Tena kitabu cha kutahiniwa ni lazima. Mtoto hana njia ya kukikwepa, kwa hivyo ni sawa watu wazima wagombane kabla ya kukichagua, na wagombane wakiwa wamekisoma chote. Maktaba ni jambo jingine. Hakuna anayelazimishwa kuingia kwenye rafu. Ukikitoa kitabu pale, humlindi binti yako peke yake, unamfungia na yule jirani ambaye mama yake angemruhusu, na yule ambaye hana mama wa kumuuliza kitu. Wanaopiga marufuku huvichanganya viwili hivi kila mara, na nadhani wengine huvichanganya makusudi.

Na kuna suala la mwalimu. Sisi bwenini tulikuwa na kitabu lakini hatukuwa na mtu. Tulisimuliana vipande vya usiku, tukachekelea kurasa zilizokunjwa, hakuna aliyefika kule mbele ya Mungu ambako Zakaria anaulizwa habari za malezi yake. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mmoja mpole aliyependa methali kuliko watu, angeweza kukaa nasi Ijumaa moja tu akauliza: baba huyu alikosea wapi? Angetusikia tukijibu. Pengine mmoja wetu angemfuata baada ya kipindi kumwambia jambo. Sijui. Kitabu kikaingia kwenye kabati, na hilo swali likafungiwa humo humo.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Miaka yake ya mwisho ya kazi alifundisha Botswana, mbali na Ukerewe na mbali na kelele zote hizi.

Rafiki yangu nilimpata mwaka jana. Ana saluni Githurai, viti vitatu na kioo kirefu, na yule mtoto sasa ni mrefu kumshinda. Tuliongea mambo ya kodi, mambo ya nywele, ya kina nani waliolewa na kina nani waliachika. Nilikuwa na ile nakala ya inama kwenye mkoba, na nilishindwa kuitoa hadi aliponishika mkono akicheka.

"Aki, kuna kitu nilitaka kuuliza mtu miaka yote. Kile kitabu. Depu alikichukua nikiwa katikati. Rosa aliishia wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nikatoa kitabu nikampa. Alikigeuza nyuma na mbele, akachana karatasi ya gazeti kutoka kwenye rundo la kukalia wateja, akaanza kukivika jalada.

"Mbona unakifunika?" nikamuuliza. "Hakuna msako hapa."

Akamtazama binti yake aliyekuwa anafagia nywele mlangoni, akainamisha sauti. "Huyu ataanza kukisoma kabla mimi sijamaliza."