Uvujaji wa Valvu Utokanao na Waya wa Betri ya Moyo

Uvujaji wa valvu utokanao na waya hutokea pale waya wa betri ya moyo unaopita kwenye valvu ya trikuspidi unapoizuia kufunga sawasawa, damu ikarudi nyuma. Valvu hiyo ina vipande vitatu vyembamba kati ya chemba mbili za upande wa kulia wa moyo. Jina lililozoeleka Tanzania, betri ya moyo, linaeleweka upesi ila linaficha nusu ya kifaa. Betri hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, nayo hubadilishwa ikiisha nguvu; waya kwa kawaida huachwa ndani miaka na miaka. Ndiyo maana istilahi lazima iutaje.

Tarehe 8 Oktoba 1958, katika Hospitali ya Karolinska mjini Stockholm, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia mgonjwa Arne Larsson kifaa cha aina hii kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kilizimika baada ya saa chache, kikawekwa kingine. Larsson aliishi hadi 2001, akafariki akiwa na miaka 86. Nyaya zake za kwanza zilishonwa juu ya moyo kwa kupasua kifua, kwa hiyo hazikupita kwenye valvu. Miaka ya 1960 waya ukaanza kupitishwa ndani ya vena. Wagonjwa wakaepushwa na upasuaji mkubwa, lakini waya ukawa sasa unakatiza valvu.

Hapo waya unaweza kukiegemea kipande kimojawapo, kukitoboa, kunasa kwenye nyuzi zake au kugandana nacho kwa kovu. Damu inaporudi nyuma, miguu na tumbo huvimba, mishipa ya shingo hututumka. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), hasa cha pande tatu, huonyesha waya umekwama wapi.

Dawa za kupunguza maji mwilini huleta nafuu tu. Njia nyingine ni kuutoa waya. Ulio mpya huvutika kwa urahisi. Uliokaa miaka mingi huhitaji kubanduliwa kutoka kwenye kovu, pengine kwa leza, na unaweza kuondoka na kipande cha valvu. Hata ukitoka salama, valvu iliyokwisha kutanuka huweza kuendelea kuvuja. Hapo hushonwa na kutiwa pete, hubanwa kwa klipu iliyopitishwa kwenye mshipa wa paja, au huwekwa valvu mpya. Valvu mpya iliyowekwa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa mshipani) huubana waya ukutani, na ukija kupata maambukizi kuutoa ni kazi ya hatari. Uamuzi kuhusu waya hutangulia uamuzi kuhusu valvu.