Safari ya tamthilia mpya hadi fainali za kitaifa, na mwenye neno la mwisho

Na MWANDISHI WETU

KATIKA muhula wa kwanza wa kila mwaka, shule na vyuo kote nchini hujishughulisha na zoezi ambalo wengi hulijua kwa matokeo yake tu. Miswada mipya ya tamthilia huandikwa, wanafunzi huteuliwa kuigiza, maleba hushonwa, na mazoezi hufanyika jioni baada ya vipindi. Miezi michache baadaye, katika mwezi wa Aprili, tamthilia chache zilizosalia hukutana katika fainali za Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu.

Makala haya yanaeleza jinsi tamthilia mpya inavyoteuliwa kufika fainali, vigezo vinavyotumiwa kuipima, na swali ambalo limefikishwa mahakamani mara mbili katika kipindi cha miaka 12: tamthilia ikishafuzu kwa uamuzi wa majaji wa sanaa, je, kuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuiondoa jukwaani?

Asili ya tamasha

Tamasha hili lilianza mwaka 1959, siku za mwisho za utawala wa kikoloni. Wakati huo lilitawaliwa na lugha ya Kiingereza na michezo ya kigeni, kwa kuwa walimu walioliendesha walikuwa Wazungu na lengo lao kubwa lilikuwa kukuza matamshi na ufasaha wa Kiingereza shuleni.

Baada ya uhuru sura yake ilibadilika hatua kwa hatua. Walimu Waafrika walianza kuandika michezo yao wenyewe, Kiswahili kikapata nafasi, na nyimbo, ngoma na masimulizi ya jamii mbalimbali yakaingia jukwaani. Leo, pamoja na tamthilia, kuna mashindano ya mashairi, masimulizi, densi bunifu na filamu, na baadhi ya michezo huigizwa kwa Kifaransa na Kijerumani.

Hata hivyo, tamthilia ndiyo inayosubiriwa kwa hamu kuu. Ndiyo ndefu, ndiyo ghali kuiandaa, na ndiyo inayowaleta pamoja waigizaji wengi kwa hadithi moja iliyokamilika. Ndiyo pia inayozua mabishano.

Ngazi za mchujo

Shule haiendi fainali kwa kualikwa. Tamthilia hupitia mchujo wa ngazi kadhaa. Kabla ya Katiba ya 2010 ngazi hizo zilifuata tarafa, wilaya na mkoa. Sasa tamthilia huanzia mashinani, hupanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, halafu eneo, ambalo kwa kiasi kikubwa hufuata mipaka ya mikoa ya zamani, na hatimaye taifa.

Katika kila ngazi, jopo la waamuzi hutazama maonyesho na kuyatunuku alama. Zilizo bora huendelea, nyingine huishia hapo. Kwa hivyo tamthilia inayofika fainali huwa imeonyeshwa mara kadhaa mbele ya majopo tofauti na hadhira tofauti. Kati ya ngazi moja na nyingine, mwelekezi hupewa maoni ya waamuzi naye huyatumia kurekebisha mchezo: onyesho refu hukatwa, mhusika asiyeeleweka huongezewa maneno, wimbo usiosukuma hadithi mbele huondolewa.

Jambo hili lina uzito katika mjadala wa udhibiti. Haiwezekani kwa tamthilia kufika fainali bila maafisa wa elimu kuiona. Walimu wakuu huwa wameiona, maafisa wa kaunti huwa wameiona, na waamuzi wa eneo huwa wameisoma na kuitazama. Kasoro yoyote kubwa ilikuwa na fursa ya kugunduliwa mapema.

Waamuzi hutazama nini

Waamuzi huwa ni watu waliobobea katika fani ya uigizaji au fasihi. Kwanza, hutazama mswada wenyewe. Je, kuna mgogoro halisi unaosukuma matendo, au wahusika wanahutubu tu? Je, ujumbe unatokana na hadithi, au umebandikwa mwishoni kama tangazo?

Pili, hutazama uigizaji: sauti, mwendo, na uwezo wa mwanafunzi wa miaka 16 kumfanya mtazamaji aamini kwamba anamwona mzee wa kijiji au waziri. Tatu, hutazama uelekezi, yaani jinsi jukwaa linavyotumiwa na jinsi matukio yanavyofuatana. Nne, maleba, mandhari, na matumizi ya muziki na mwangaza. Aidha, hutazama uhusiano wa mchezo na mada ya mwaka huo, kwa kuwa waandalizi huteua mada ya kitaifa ambayo shule hutarajiwa kuizingatia.

Waandishi wa miswada hii wengi wao ni walimu. Wengine ni waandishi wa nje wanaolipwa na shule, utaratibu ambao umekuwepo kwa muda mrefu na ambao huzua malalamiko kwamba shule zenye fedha hujinunulia ushindi. Zawadi kwa washindi si vikombe tu, kwani baadhi yao huteuliwa kuigiza mbele ya Rais, heshima ambayo shule hujivunia kwa miaka mingi.

Iliyofuzu kisha ikazuiwa

Mwaka 2013, Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere iliwasilisha mchezo wa Kiingereza uitwao Shackles of Doom, yaani Pingu za Maangamizi, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mchezo huo ulihusu ugavi usio wa haki wa rasilimali na nafasi za kazi katika nchi ya kubuni, baada ya mafuta kugunduliwa katika ardhi ya jamii maskini. Ulifana katika eneo la Magharibi na kufuzu kwa fainali zilizopangiwa Mombasa.

Kisha ukapigwa marufuku. Waliouzuia walidai kuwa ungechochea chuki za kikabila, wakati ambapo taifa lilikuwa limetoka tu katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, na kumbukumbu za ghasia za 2007 na 2008 zilikuwa bado mbichi. Mwanaharakati Okiya Omtatah alielekea mahakamani. Mnamo Aprili mwaka huo, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamuru mchezo huo uruhusiwe, nao wasichana wakauigiza Mombasa.

Miaka 12 baadaye, kisa kilijirudia kwa shule ile ile na mwandishi yule yule, ambaye kati ya hapo alikuwa amehudumu kama Seneta wa Kakamega. Mchezo wa mwaka 2025 uliitwa Echoes of War, yaani Mwangwi wa Vita. Ulisimulia ufalme wa kubuni unaojaribu kuinuka baada ya vita, na vijana wanaohoji watawala wao huku wakitumia teknolojia na mitandao ya kijamii kutoa sauti zao. Ikumbukwe kuwa mwaka mmoja awali, Juni 2024, vijana nchini Kenya walikuwa wamejitokeza barabarani kupinga Mswada wa Fedha.

Mchezo ulizuiwa kuendelea na mashindano. Kwa mara nyingine Mahakama Kuu iliingilia kati na kuagiza shule iruhusiwe kushiriki fainali, ambazo mwaka huo zilifanyika Nakuru. Jioni ya Aprili 9, Bw Malala alikamatwa alipokwenda kukutana na wanafunzi hao kwa mazoezi. Aliachiliwa siku iliyofuata bila kufunguliwa mashtaka.

Asubuhi ya Aprili 10, wasichana wa Butere walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuigiza. Walilalamika kuwa walinyimwa mwelekezi wao na vifaa vya onyesho. Nje ya ukumbi, polisi walirusha vitoa machozi kutawanya umati na wanahabari. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitetea hatua ya serikali akisema kuwa Bw Malala hakuwa mwalimu wa shule hiyo na hakustahili kuwaelekeza wanafunzi.

Tofauti ya visa hivi viwili ni dhahiri. Mwaka 2013, agizo la mahakama lilitosha kuufikisha mchezo jukwaani. Mwaka 2025, agizo lilikuwepo, jukwaa lilikuwepo na waigizaji walikuwepo, lakini mchezo haukuonyeshwa.

Si jambo jipya

Msomaji anayedhani kuwa mivutano hii ilianza na Butere anafaa kukumbuka Kamirithu, Limuru. Mnamo Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa huko walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Leseni ya maonyesho ilifutwa mwezi uliofuata, na mnamo Desemba 31, 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikamatwa na kuzuiliwa kwa takriban mwaka mmoja bila kushtakiwa. Mwaka 1982, ukumbi ambao wanakijiji walikuwa wamejijengea ulibomolewa. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki iliyochapishwa mwaka 1981, naye alitiwa kizuizini.

Darasani ruhusa, jukwaani marufuku

Katika mjadala huu kuna kinaya ambacho mwalimu yeyote wa Kiswahili anakifahamu. Mambo yanayosemekana kuwa makali mno kwa jukwaa la wanafunzi ndiyo ambayo wanafunzi hao hao wamekuwa wakitahiniwa katika mtihani wa KCSE.

Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyokuwa kitabu teule cha shule za upili, inahusu Mtemi Bokono wa Butangi anayewanyima raia maji ya kisima, na kijana Mwelusi anayempinga. Mstahiki Meya ya Timothy Arege inamchora meya wa Cheneo anayejali mapokezi ya wageni kutoka ng'ambo ilhali wafanyakazi wa baraza wanadai mishahara yao na wagonjwa wanakosa dawa. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Majoka anatawala Sagamoyo kwa mkono wa chuma na kufunga soko la Chapakazi, huku Tunu na Sudi wakiongoza upinzani.

Butangi, Cheneo na Sagamoyo si nchi za kwenye ramani. Hii ndiyo mbinu ya kale ya watunzi: kuihamishia hadithi mahali pa kubuni ili msomaji alinganishe mwenyewe. Ufalme wa Echoes of War ulitumia mbinu hiyo hiyo.

Je, kwa nini Majoka asomwe darasani bila wasiwasi, naye mtawala wa tamthilia mpya azuiwe ukumbini? Sababu moja ni utaratibu. Kitabu teule hupitia uidhinishaji wa wataalamu wa mitaala kabla ya kumfikia mwanafunzi, na uamuzi ukitolewa hujulikana na kuheshimiwa. Sababu ya pili ni hadhira. Kitabu husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, wakati tamthilia hutazamwa na mamia ya watu wanaocheka na kushangilia pamoja. Sababu ya tatu ni wakati. Kigogo haikutungwa kuhusu habari za wiki jana, lakini mchezo wa tamasha huandikwa Januari na kuigizwa Aprili, matukio yakiwa bado moto.

Sheria yasemaje

Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ibara hiyo pia inaweka mipaka: uhuru huo haujumuishi propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala utetezi wa uhasama wa kikabila. Ibara ya 53 nayo inaeleza kwamba maslahi ya mtoto yatapewa kipaumbele katika kila jambo linalomhusu.

Wanaotaka udhibiti hutegemea mipaka hiyo, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wanafunzi ni watoto, wako chini ya ulinzi wa shule, na inawezekana kabisa kwa mtu mzima mwenye ajenda yake ya kisiasa kuwatumia. Hata hivyo, kumkera mtawala si uchochezi, na mipaka ya Katiba haikutaja hisia za viongozi. Anayedai kuwa mchezo unaeneza chuki anapaswa kuonyesha mstari unaofanya hivyo, aseme mapema, na kuipa shule fursa ya kujibu.

Njia ya kuepuka kisa cha tatu haihitaji sheria mpya. Kanuni za tamasha zichapishwe kabla ya shule kuanza mazoezi, zikieleza nani anaruhusiwa kuandika na kuelekeza. Pingamizi dhidi ya mswada liwasilishwe katika ngazi za chini, kwa maandishi, na liamuliwe na jopo la wataalamu. Tamthilia ikishafika fainali kwa alama za waamuzi, isiondolewe ila kwa amri ya mahakama.

Kwa afisa anayeuzuia mchezo, hilo ni suala la mwaka mmoja tu kati ya mingi. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyekariri maneno yake tangu Januari na kushinda katika kila ngazi, hakuna tamasha lingine la shule linalomsubiri mwaka ujao.