Hatifungani za New Orleans na Mgogoro wa Kuzibadilisha, 1852–1881

Mwaka 1852 manispaa tatu za New Orleans, zilizotenganishwa mwaka 1836, ziliunganishwa tena, na mji mpya ukarithi madeni yao. Wadai waliosalimisha hatifungani za zamani walipewa mpya, zikidhaminiwa na kodi maalumu ya kila mwaka. Mwaka 1876 walitakiwa kubadilisha tena, safari hii kwa hatifungani za dola 20 ambazo zamu ya kulipwa ilipangwa kwa kura, mithili ya bahati nasibu. Baadhi walikataa. Mji haukukana deni lao. Uliacha tu kutoza kodi ya kulilipa, na hapo ndipo ulipo uzito wa shauri la Louisiana dhidi ya Pilsbury (1881). Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kodi hiyo ilikuwa sehemu ya mkataba wenyewe, hivyo sheria ya jimbo haikuweza kuwanyang'anya.