Mnyororo wa futi 66 na siri ya alama zake katika ardhi ya Kajiado

Anayenunua ardhi Kitengela aghalabu huuliza maswali manne: bei ni ngapi, barabara iko umbali gani, maji yapo na hatimiliki iko tayari. Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza swali la tano, ambalo ndilo linaloamua iwapo fedha zake zimenunua kile alichoahidiwa: ardhi hii ilipimwa kwa kitu gani, na alama za kipimo hicho zilisomwa vipi?

Mabaharia wanaufahamu uzito wa swali hilo. Nanga inapozama baharini, nahodha hauoni mnyororo uliolala chini ya maji. Anachokiona ni alama tu: rangi, kipande cha kitambaa au cha ngozi kilichofungwa kila baada ya urefu fulani. Kwa kuhesabu alama hizo zinapopita omoni, anajua ametoa mnyororo wa kutosha kulingana na kina au chombo chake kitaburutwa na upepo usiku. Katika Pwani yetu, bildi ya kupimia kina ilihesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban futi sita. Ndilo neno lile lile tulitumialo leo kwa kila aina ya kupima.

Kajiado haina bahari, lakini ina ardhi, na ardhi nayo imekuwa na mnyororo wake wenye alama.

Asili ya mnyororo

Mnyororo wa kupimia ardhi ulibuniwa Uingereza na mwanahisabati Edmund Gunter mnamo 1620. Urefu wake ni futi 66, sawa na mita 20.12, na umegawanywa katika viungo 100, kila kiungo kikiwa na urefu wa inchi 7.92.

Tarakimu hizo huonekana za ajabu, ila hazikuchaguliwa kiholela. Mnyororo mmoja ukizidishwa kwa minyororo 10 hutoa ekari moja kamili, yaani futi 43,560 za mraba. Minyororo 80 ni maili moja. Hivyo basi mpimaji aliweza kutoka shambani na kukokotoa ekari kwa kusogeza nukta tu, bila hesabu ndefu. Kipimo hicho kilienea pamoja na himaya ya Waingereza, na ndiyo sababu hadi leo Mkenya huzungumza kwa ekari na futi sokoni, ilhali hatimiliki yake imeandikwa kwa hekta.

Jinsi alama zinavyosomwa

Hakuna mtu anayeweza kuhesabu viungo 100 kila mara bila kukosea. Kwa sababu hiyo, kila baada ya viungo 10 huning'inizwa kibati cha shaba. Kibati cha kwanza kina jino moja, cha pili meno mawili, cha tatu meno matatu na cha nne manne. Katikati, kwenye kiungo cha 50, kibati ni cha mviringo.

Kutoka hapo alama hurudi nyuma: meno manne, matatu, mawili, moja. Maana yake ni kwamba mnyororo unaweza kusomwa kutoka upande wowote. Ni mpango wa busara, lakini ndani yake mna mtego. Kibati cha meno manne chaweza kuwa viungo 40 au 60; cha meno matatu, 30 au 70. Asiyetazama kwanza kibati cha mviringo kiko upande gani hukosea kwa futi 13 katika hali ya kwanza, na kwa zaidi ya futi 26 katika ya pili. Hiyo ya pili inapita nusu ya upana wa ploti ya kawaida.

Kuhusu idadi ya minyororo, wapimaji walitumia mishale ya chuma. Anayetangulia huchukua mishale 10 na kuchomeka mmoja ardhini kila mnyororo unaponyooshwa, anayemfuata huiokota. Mishale yote ikishahamia mikononi mwa anayefuata, minyororo 10 imetimia, huandikwa daftarini, na hesabu huanza upya. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa dogo, hasara kubwa

Mnyororo huchakaa. Kila kiungo husuguana na mwenzake, na mamia ya misuguano hiyo huurefusha kidogo kidogo. Kiungo kikipinda au kikijikunja, mnyororo hufupika. Ndiyo maana mpimaji makini huulinganisha na vigingi viwili vya kudumu ambavyo umbali wake unajulikana.

Chukua mfano wa mnyororo uliorefuka kwa inchi nne tu, ambazo ni nusu ya asilimia. Tuseme unatumiwa kugawia watu 20 vipande vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja kikiwa na upana wa minyororo 10. Kila mmoja atapata ziada ya inchi 40 bila kujua. Lakini minyororo 200 mara inchi nne ni inchi 800, yaani futi 66 na inchi nane. Wa mwisho katika mstari atakuta minyororo tisa badala ya 10. Kwenye karatasi wote 20 wako sawa. Uwanjani mmoja amepoteza sehemu moja kati ya kumi ya ardhi yake, na hakuna jirani aliyemwibia.

Mnyororo uliofupika hufanya kinyume: kila mmoja hupungukiwa kidogo, na kipande kisicho na mwenyewe hubakia mwishoni.

Mteremko nao hudanganya. Ardhi huhesabiwa kwa umbali wa tambarare, si kwa kufuata mwinuko. Futi 100 zilizopimwa juu ya mteremko wa nyuzi 10 ni futi 98 na nusu tu kwenye ramani. Kitengela ni tambarare kwa sehemu kubwa, lakini anayenunua upande wa vilima vya Ngong hana budi kulikumbuka hilo.

Kutoka ranchi hadi ploti

Suala hili lina uzito wa pekee Kajiado kwa kuwa hapo awali ardhi haikuhesabiwa kwa ekari za mtu binafsi. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai, jamii hiyo ilibaki katika hifadhi ya kusini, na mifugo ilifuata mvua na majani. Mwaka wa 1968, sheria ya wawakilishi wa makundi iliruhusu ardhi kusajiliwa kama ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria hiyo ya 1968 ilifutwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016.

Tangu mgawanyo huo, mipaka imezaa mipaka. Shamba la mwanachama mmoja limekatwa likawa vipande vya ekari, na kila ekari ikakatwa ploti. Hata uhifadhi wa wanyamapori umehesabiwa kwa ekari: mpango ulioanzishwa Kitengela mwaka wa 2000 uliwalipa wenye ardhi dola nne za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua malisho yanayopitiwa na wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kipimo kilichopotoka humpunguzia mtu haki iwe anauza, anakodisha au anarithisha.

'Hamsini kwa mia' si thumuni

Ploti inayotangazwa zaidi kando ya barabara ya Namanga ni ya futi 50 kwa 100, na mara nyingi huitwa thumuni ya ekari. Hesabu inakataa. Futi 50 mara 100 ni futi 5,000 za mraba. Thumuni halisi ya ekari ni futi 5,445 za mraba. Upungufu ni futi 445, yaani takriban mita 41 za mraba, ambazo zatosha kujengea vyumba viwili.

Si lazima kuwe na udanganyifu. Ploti nane za hamsini kwa mia huchukua futi 40,000 kati ya 43,560 za ekari, na zinazosalia hutumiwa kwa barabara. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba analipia futi 5,000. Njia rahisi ni kusoma hatimiliki: thumuni kamili ni hekta 0.0506, ilhali hamsini kwa mia ni hekta 0.0465.

Kamba ya mnunuzi

Mtu asiye mpimaji anaweza kujihakikishia vipimo kabla ya kulipa. Utepe wa chuma ndio bora zaidi. Asiyekuwa nao anaweza kutengeneza kamba ya futi 120 kwa kufuata kanuni hizi:

Kwanza, chagua kamba isiyovutika. Nailoni hurefuka ikivutwa, na katani hufupika ikilowa. Kamba yoyote mpya ining'inizwe na uzito usiku kucha kabla ya kutiwa alama.

Pili, tia alama kamba ikiwa imevutwa. Alama ya sifuri isiwe kwenye ncha. Acha futi mbili za kushikia.

Tatu, usitegemee rangi pekee kwa kuwa hufutika. Shona uzi kila baada ya futi 10, kitambaa chenye fundo moja kwenye futi 50 na chenye mafundo mawili kwenye futi 100. Alama zihesabiwe kutoka upande mmoja tu, ili kuepuka mtego wa vibati vinavyofanana.

Nne, pima pande zote nne, kisha upime mshazari. Ploti ya hamsini kwa mia yenye pembe mraba ina mshazari wa futi 111 na takriban inchi tisa na nusu, sawa na mita 34.08. Mishazari miwili ikitofautiana, pembe zimepinda, na eneo si lile ulilotajiwa hata kama pande zote zina urefu ufaao.

Simu ya mkononi isitumiwe kuamua mpaka. Setilaiti huiwezesha kuonyesha mahali kwa kukosea mita kadhaa, na ploti ya futi 50 ina upana wa mita 15 tu. Vifaa vya setilaiti vya wapimaji ni vya aina nyingine, na hufikia usahihi wa sentimita.

Sheria inasemaje

Kamba haiwezi kuchukua nafasi ya mpimaji mwenye leseni. Kazi yake ni kukujulisha mapema kwamba jambo fulani halilingani. Kabla ya kununua, fanya upekuzi katika ofisi ya usajili, pata ramani ya eneo, mathalani sehemu ya Kaputiei Kaskazini, na umtake mpimaji akuonyeshe kila bikoni uwanjani. Katika udongo mweusi wa Kitengela, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kigingi kisichojengewa kwa saruji huinama au kusogea.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mipaka inayoonyeshwa kwenye ramani ya usajili ni ya kukadiria isipokuwa pale ambapo imewekwa rasmi kuwa mipaka thabiti. Ndiyo maana hatimiliki nyingi husema eneo ni takriban. Mzozo wa mpaka hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi kabla ya mahakama kuusikiliza, na kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai.

Kamba yenye alama sahihi haifiki hata elfu kadhaa za shilingi, na kuitumia hakuzidi saa moja. Ikikuonyesha futi 47 mahali palipoandikwa 50, wakati wa kuuliza ni kabla ya kutia sahihi, muuzaji angali amesimama mbele yako.